Kupima Mtiririko wa Kijito na Kukokotoa Mzigo wa Uchafu: Mwongozo Kamili

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa jumuiya za watumia maji, wanafunzi na maafisa wa halmashauri ni hili: "Kati ya vijito hivi, ni kipi kinachotuchafulia bwawa?" Huja na karatasi za maabara zilizojaa namba za tope, naitreti, fosfeti na vimelea. Na karibu kila mara karatasi hizo zina pengo lilelile: hakuna aliyeandika mto ulikuwa unapitisha maji kiasi gani wakati chupa inajazwa.

Bila namba hiyo, swali halijibiki. Maabara hukupa ukolezi, yaani miligramu ngapi za uchafu zimo katika kila lita. Kinachojaza bwawa ni mzigo, yaani kilo au tani zilizoingia kwa siku, kwa msimu au kwa mwaka. Mzigo ni ukolezi mara mtiririko. Ukikosa kimoja, umekosa jibu.

Mwongozo huu ni wa vijito vinavyovukika kwa miguu, kama vinavyoteremka Milima ya Uluguru na kuingia bwawa la Mindu linalolisha mji wa Morogoro: Ngerengere, Mlali, Mgera, Lukulunge na Mzinga. Namba za hesabu humu ni za kujifunzia, si vipimo vya mto wowote kati ya hiyo. Njia yenyewe inafaa vilevile kwa kijito cha Kisii, Kabale au Bururi.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuondoka nyumbani. Kifaa kimoja kikikosekana mtoni, siku nzima imepotea.

- Tepu ya mita 30 na kamba ya manila ya kuvuka mto
- Fimbo iliyonyooka yenye alama za sentimita, urefu wa mita 1.5 au zaidi
- Vigingi vinne na nyundo
- Machungwa matano au sita ya kuelea
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Chupa za sampuli za lita moja, na chupa zilizotakaswa kutoka maabara kama unapima vimelea
- Boksi la ubaridi lenye barafu
- Daftari na penseli (wino hufutika ukilowa)
- Gambuti na kamba ya uokoaji
- Chumvi ya mezani, mizani ya jikoni, ndoo ya lita 20 na kipimo cha upitishaji umeme wa maji (hupanda maji yakiwa na chumvi), kwa watakaotumia njia ya Hatua ya 4
- Ramani ya eneo ya 1:50,000, au ramani ya simu inayoonyesha mwinuko

Nachagua chungwa kwa sababu nzuri. Huelea karibu lote likiwa ndani ya maji, kwa hiyo upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana hata maji yakiwa ya tope. Chupa tupu ya plastiki huelea juu mno, upepo huipeleka unakotaka, na ikikuponyoka umeongeza taka mtoni.

## Usalama kwanza

Usiende peke yako. Zidisha kina cha maji kwa mita na kasi yake kwa mita kwa sekunde. Jibu likizidi 0.5, usiingie. Maji ya magoti yanayokwenda mbio yanamwangusha mtu mzima.

Vijito vya milimani vina hatari nyingine. Mvua hunyesha kileleni huku bondeni jua linawaka, na maji hupanda ghafla. Ukiona maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaongezeka, au mlio wa mto unakuwa mzito, toka mara moja na uache hata tepu. Katika maji yaliyotulia vaa gambuti, kwa sababu kichocho kipo katika maeneo mengi yetu. Na waulize wenyeji kuhusu mamba. Wao ndio wanaojua.

## Hatua ya 1: Chora kidakio na chagua vituo

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake hupita kwenye kituo chako. Kwenye ramani weka alama pale utakapopimia, kisha fuata migongo ya vilima inayokizunguka kijito mpaka urudi ulipoanzia. Hesabu eneo hilo kwa hekta. Utalihitaji mwishoni, na bila hilo huwezi kulinganisha kijito kikubwa na kidogo kwa haki.

Vituo huwekwa kwa sababu. Kwa kila makutano unayoyashuku, weka vitatu: juu ya makutano kwenye mto mkuu, ndani ya kijito kabla hakijaingia, na chini ya makutano pale maji yalipokwisha kuchanganyika. Hivyo vitatu vinakaguana, kama utakavyoona Hatua ya 9.

Mahali pa kupimia pawe pamenyooka kwa mita 10 hadi 20, pasiwe na kona, jiwe kubwa katikati, wala maji yanayorudi nyuma pembeni. Epuka kivuko cha ng'ombe na sehemu ya kufulia, kwani hapo tope hutibuliwa papo hapo na sampuli yako itasema uongo.

Kabla hujaanza, itaarifu serikali ya kijiji na ofisi ya bonde husika. Kwa Uluguru ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Huenda tayari wana kituo cha kupimia kwenye mto huohuo, na kumbukumbu za miaka mingi zitakupunguzia kazi.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusimama kwenye kila kituo na kueleza kwa sentensi moja kinachochunguzwa hapo.

## Hatua ya 2: Pima umbo la mto

Vusha kamba kutoka ukingo hadi ukingo, pembe mraba na mkondo. Funga tepu juu yake. Anzia ukingo wa kushoto ukitazama maji yanakokwenda, ili kila anayesoma daftari lako ajue upande uliouanzia.

Pima kina kila baada ya umbali ulio sawa. Kijito cha mita 4 kipimwe kila nusu mita. Simama upande wa chini wa kamba, si juu yake, kwa sababu miguu yako hupandisha maji na kuharibu kipimo. Fimbo iguse chini bila kuzama kwenye matope.

Mfano wa kijito cha mita 4, kina kwa mita: 0, 0.12, 0.20, 0.28, 0.32, 0.30, 0.22, 0.10, 0. Jumla ya vina ni 1.54. Zidisha kwa nafasi ya 0.5 na unapata eneo la mkato la mita za mraba 0.77.

Hesabu hii fupi inafaa pale tu kina cha kingo zote mbili ni sifuri na nafasi zinalingana. Ukingo ukiwa umesimama wima kama ukuta, chukua nusu ya kina cha ukingoni na uiongeze kwenye jumla kabla ya kuzidisha.

Rudia upimaji mita 10 chini zaidi, kisha tumia wastani wa maeneo mawili. Wengi huiruka kazi hii kwa uvivu, wakati kati ya mikato hiyo miwili mto unaweza kuwa umepanuka na kupungua kina.

## Hatua ya 3: Pima kasi kwa chungwa

Chomeka vigingi kuonyesha mwanzo na mwisho wa mita 10. Mtu mmoja adondoshe chungwa mita mbili au tatu juu ya mstari wa kwanza, ili lishike mwendo wa maji kabla saa haijaanza. Mwenye saa asimame mstari wa mwisho na aanze kuhesabu anapopewa ishara.

Rudia mara tatu katikati, mara tatu karibu na kushoto na mara tatu karibu na kulia. Chungwa likikwama kwenye jani, futa kipimo hicho. Usikadirie muda ambao lingetumia.

Tuseme wastani wa mara zote ni sekunde 22. Mita 10 gawa kwa 22 ni mita 0.455 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya juu ya maji. Chini, karibu na mawe na mchanga, maji hukwama na kwenda polepole, kwa hiyo lazima upunguze:

- chini ni laini na kina kinatosha: zidisha kwa 0.85
- changarawe na mawe madogo: zidisha kwa 0.8
- kina kifupi chenye mawe makubwa: zidisha kwa 0.65 hadi 0.75

Kwa mfano wetu, 0.455 × 0.8 ni 0.364. Zidisha na eneo la 0.77 na unapata mtiririko wa mita za ujazo 0.28 kwa sekunde, sawa na lita 280 kwa sekunde.

Kusahau kupunguza huku ndilo kosa ninaloliona zaidi katika ripoti za vielea. Kwenye changarawe na mawe, mtiririko hukuzwa kwa robo nzima au zaidi, na mzigo wote unaofuata unakuzwa nao.

Ukiwa na mita ya kasi yenye pangaboi, iweke kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu katika kila sehemu, kisha zidisha kasi na eneo la kila sehemu peke yake na ujumlishe. Na kama kijito ni chembamba mno, kinachoporomoka kwenye bomba au jiwe, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde mpaka ijae. Kwa mtiririko mdogo namna hiyo, ndoo ina usahihi kuliko mita ya bei mbaya.

Umefanikiwa ikiwa ukirudia hatua zote baada ya nusu saa, maji yakiwa hayajabadilika, majibu mawili hayapishani zaidi ya asilimia 10 hadi 15.

## Hatua ya 4: Kijito cha mawe, tumia chumvi

Kuna vijito ambavyo kamba na chungwa havina kazi. Maji yanaruka juu ya majabali, hakuna mita mbili zilizonyooka, na kina hakipimiki. Vijito vya sehemu za juu za Uluguru viko hivyo. Hapa chumvi ya mezani inashinda kila kifaa kingine, na ninasikitika kuona ni wachache wanaoitumia.

Wazo ni jepesi. Ukimwaga kiasi cha chumvi unachokijua, maji mengi yataizimua sana na maji machache yataizimua kidogo. Kipimo cha upitishaji umeme kinaona tofauti hiyo.

1. Pima chumvi kwa mizani. Nusu kilo kwa kila lita 100 kwa sekunde unazokisia ni kianzio kizuri. Ongeza ikiwa kipimo hakioni badiliko kubwa.
2. Iyeyushe yote kwenye ndoo ya maji ya kijito hichohicho. Punje zisizoyeyuka zitabaki chini na hesabu itaharibika.
3. Weka kipimo upande wa chini, umbali wa takriban upana wa kijito mara 25. Kijito cha mita 4 kinahitaji kama mita 100. Ukikaribia mno, chumvi itakuwa haijachanganyika kingo zote mbili.
4. Andika upitishaji umeme wa kawaida kabla ya kumwaga.
5. Mwaga ndoo yote kwa mkupuo mmoja, katikati ya mkondo.
6. Soma kila baada ya sekunde 5. Namba itapanda, ifike kilele, kisha ishuke polepole. Usiache mpaka irudi ilipoanzia. Mkia ule mrefu wa mwisho unabeba chumvi nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa hesabu. Toa usomaji wa kawaida kutoka kila usomaji, jumlisha ongezeko lote, kisha zidisha kwa sekunde 5. Zidisha tena kwa 0.5, kwa sababu kila ongezeko la maikrosimensi moja kwa sentimita (kizio cha upitishaji umeme) ni takriban miligramu 0.5 za chumvi kwa lita. Gawa chumvi uliyomwaga, kwa miligramu, na jibu hilo.

Mfano: chumvi kilo 1 ni miligramu 1,000,000. Jumla ya ongezeko ni 1,430. Mara 5 ni 7,150, mara 0.5 ni 3,575. Ukigawa 1,000,000 kwa 3,575 unapata lita 280 kwa sekunde.

Ile 0.5 ihakikishe mwenyewe kwa maji yako. Yeyusha gramu moja ya chumvi kwenye lita moja ya maji ya kijito. Chukua mililita 10 za mchanganyiko huo, uziongeze kwenye mililita 990 za maji ya kijito yasiyo na chumvi. Upitishaji umeme unapaswa kupanda kama maikrosimensi 20. Ukipanda tofauti, gawa 10 kwa ongezeko ulilopata na utumie namba hiyo badala ya 0.5.

Waeleze wanakijiji kabla. Chumvi hii hupita kwa dakika chache na ni kidogo kwa lita, ila mtu akiona mgeni anamwaga unga mweupe mtoni ana haki ya kuhamaki.

## Hatua ya 5: Badilisha kina kuwa mtiririko

Huwezi kupima kila siku. Unachoweza ni kusoma kina kila siku na kukigeuza kuwa mtiririko.

Simamisha ubao wenye alama za sentimita mahali pasipochimbwa na mafuriko, kwa mfano kwenye nguzo ya daraja. Tafuta mkazi wa jirani asome kila asubuhi na jioni, na kila mto unapofurika. Mlipe. Kazi ya kujitolea kwenye mvua ya usiku haidumu.

Kila unapopima mtiririko kwa Hatua ya 3 au 4, andika na usomaji wa ubao. Ukipata jozi nane hadi kumi, kuanzia kiangazi hadi maji mengi, toa kwanza kutoka kila kina usomaji wa ubao ambao mto hukauka, zichore kwenye Excel, kina hicho kwa mtiririko, na uchague mstari wa kipeo (Power). Utapata kanuni ya namna hii: mtiririko = a × (kina − kina cha mto kukauka) kwa kipeo b.

Tuseme yako ni 3.2 × (kina − 0.10) kwa kipeo 1.8. Ubao ukisoma mita 0.36, mtiririko ni kama 0.28. Ukisoma 1.23, ni kama mita za ujazo 4 kwa sekunde.

Tahadhari mbili. Usiamini kanuni mbali juu ya kina kikubwa ulichowahi kukipima. Mto unapopanda kingo, umbo linabadilika na kanuni inakufa. Na baada ya kila masika kagua upya, kwa sababu mchanga huhama na mto wa mwaka huu si wa mwaka jana.

Ambaye hana ubao lakini kuna kituo cha bonde kwenye mto jirani anaweza kuazima: mtiririko wa jirani mara eneo la kidakio chako, gawa kwa eneo la kidakio chake. Fanya hivyo pale tu mvua na matumizi ya ardhi vinafanana. Kwa Uluguru, usiazime kutoka mashariki kwenda magharibi. Miteremko ya mashariki inaupokea upepo wa Bahari ya Hindi na hupata mvua nyingi zaidi sana.

## Hatua ya 6: Chukua sampuli

Chukua sampuli kabla hujaingia mtoni kupima, au simama upande wa juu wa mahali ulipokanyaga. Elekeza mdomo wa chupa dhidi ya mkondo. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto, isipokuwa ile iliyotakaswa kwa ajili ya vimelea, ambayo haisuuzwi kabisa.

Kwa tope, ishushe chupa taratibu kutoka juu hadi karibu na chini na uipandishe, ili ipate maji ya vina vyote. Mchanga husafiri chini, na chupa inayojazwa juu tu inauacha.

Andika kwenye chupa kituo, tarehe, saa na usomaji wa ubao. Weka kwenye barafu papo hapo. Vimelea vifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Naitreti na fosfeti zipimwe ndani ya saa 48.

Kama kuna kiwanda au bomba la majitaka upande wa juu, usichukue sampuli saa tatu asubuhi peke yake kila mara. Uchafu wa namna hiyo hutolewa kwa zamu, na wanaoutoa usiku wanategemea kwamba mpimaji amelala.

## Hatua ya 7: Kokotoa mzigo wa siku

Kanuni ni hii:

Mzigo (kilo kwa siku) = mtiririko (lita kwa sekunde) × ukolezi (miligramu kwa lita) × 0.0864

Namba 0.0864 inatokana na sekunde 86,400 za siku zilizogawanywa kwa miligramu milioni moja za kilo. Ukitumia mita za ujazo kwa sekunde, weka 86.4.

Kijito chetu cha lita 280 kikiwa na tope la miligramu 60: 280 × 60 × 0.0864 = kilo 1,452, karibu tani moja na nusu kwa siku. Na hayo ni maji ambayo wengi wangeyaita safi.

Sasa linganisha vijito viwili kwa naitrojeni ya naitreti. Kijito A kina miligramu 6 na lita 15 kwa sekunde. Mzigo ni kilo 7.8 kwa siku. Kijito B kina miligramu 1.2 tu lakini lita 280. Mzigo ni kilo 29. Karatasi ya maabara peke yake ingemhukumu A. Bwawa linalishwa na B karibu mara nne zaidi.

Hii haimwachi huru A. Mama anayechota maji kwenye A anakunywa ukolezi, hanywi mzigo. Ukiulizwa kuhusu afya ya wanaochota, angalia ukolezi. Ukiulizwa kuhusu bwawa, angalia mzigo. Ukiandika ripoti, toa vyote viwili.

Mtego mkubwa hapa ni vipimo vya maabara. Baadhi huandika naitreti nzima, wengine naitrojeni iliyo ndani ya naitreti. Ya kwanza ni kubwa mara 4.43. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti, ambazo ni kama 11 tu za naitrojeni. Kwa fosfeti na fosforasi tofauti ni karibu mara 3. Usipouliza maabara wameandika ipi, unaweza kulinganisha vijito viwili kwa vizio viwili usijue.

## Hatua ya 8: Pima mafuriko, maana humo ndimo mzigo ulimo

Kama utaacha hatua zote na kushika moja, shika hii.

Tuseme mvua ya vuli inapiga na kijito chetu kinapanda hadi mita za ujazo 4 kwa sekunde, na tope linafika miligramu 2,500 kwa wastani wa saa tatu. Kila sekunde inapita gramu 10,000, yaani kilo 10. Kwa sekunde 10,800 za saa tatu ni kilo 108,000. Tani 108 katika saa tatu. Siku za kawaida zingehitaji zaidi ya 74 kubeba kiasi hicho.

Anayechukua sampuli mara moja kwa mwezi, siku ya jua, barabara ikiwa kavu, hataona tani hizo maisha yake yote.

Namna ya kuzikamata bila kuhatarisha maisha: simama darajani, funga chupa kwenye kamba pamoja na jiwe la uzito, shusha na pandisha. Chukua moja maji yanapoanza kupanda, mbili yakielekea kilele, moja kileleni na mbili yakishuka. Kila mara soma ubao. Kasi ipime kwa machungwa ukiwa juu ya daraja, au tumia kanuni ya Hatua ya 5 ikiwa imepimwa hadi kina hicho. Usiingie majini.

Kisha gawa furiko katika vipindi kati ya sampuli na sampuli. Kwa kila kipindi zidisha wastani wa mtiririko, wastani wa ukolezi na sekunde zake, halafu jumlisha.

Usishangae ukikuta mtiririko uleule una tope zaidi maji yanapopanda kuliko yanaposhuka. Mvua ya kwanza hufagia udongo uliolegea na mbolea iliyolala shambani. Kwa sababu hiyohiyo, mvua za mwanzo wa vuli, mashamba yakiwa yamelimwa na hayajaota, huwa chafu kuliko za mwisho wa masika. Kwa hiyo namba za vuli usizitumie kwa masika.

Kosa la hesabu linalofanya haya yote yapotee ni wastani. Chukua siku ile ya mafuriko: saa 21 za maji ya kawaida, saa 3 za furiko. Wastani wa ukolezi kwa muda ni miligramu 365, wastani wa mtiririko ni 0.745. Ukizizidisha unapata tani 23.5. Ukihesabu kila kipindi peke yake unapata tani 109. Data ni ileile, siku ni ileile, na zaidi ya robo tatu ya mzigo imetoweka kwa sababu wastani ulitangulia kuzidisha. Zidisha kwanza, jumlisha baadaye.

## Hatua ya 9: Kagua hesabu kwenye makutano

Juu ya makutano lita 280, kijito lita 15; chini unapaswa kupata karibu 295. Mizigo nayo ijumlishwe hivyohivyo.

Ukipata 290 au 305, endelea kwa amani. Ukipata 230, kuna jambo: ama umekosea kupima, ama kuna mfereji au pampu inayonyonya kati ya vituo. Tembea ukingoni kabla hujagusa hesabu. Mtiririko ukilingana lakini mzigo wa chini ukawa mkubwa kuliko jumla, kuna chanzo cha uchafu usichokiorodhesha, labda ukingo unaobomoka, bustani ya mboga iliyolimwa hadi majini au tanuri la matofali.

## Hatua ya 10: Mzigo wa mwaka na mgawanyo kwa hekta

Kwa jumuiya yenye sampuli chache, njia ninayoiamini ni ya kugawa mwaka katika makundi: kiangazi, siku za mvua za kawaida, na mafuriko. Tafuta mzigo wa wastani wa kila kundi, zidisha kwa siku au mafuriko yake kutoka daftari la msoma ubao, kisha jumlisha.

Kwa mfano wetu, tukirahisisha kwa makundi mawili: siku 365 kwa tani 1.45 ni tani 529, na mafuriko 12 kwa tani 108 ni 1,296. Jumla ni tani 1,825 kwa mwaka, na asilimia 71 yake imepita katika saa 36.

Gawa kwa eneo. Kidakio cha hekta 1,800 kinatoa tani 1 kwa hekta. Kama kidakio kidogo cha hekta 150 kinatoa tani 600, hicho ni tani 4 kwa hekta, na ndiko matuta ya fanya juu na fanya chini (mitaro ya kukinga mteremko, udongo wake ukirushwa juu au chini) na miti ya kwanza vinapaswa kwenda. Mzigo wa jumla unakuonyesha kinachojaza bwawa. Mzigo kwa hekta unakuonyesha ardhi inayovuja.

## Unapoandika ripoti

Weka jedwali lenye kituo, tarehe, saa, usomaji wa ubao, mtiririko na njia iliyoupima, ukolezi na kizio chake, mzigo, na eneo la kidakio. Taja mafuriko mangapi yalipimwa na mangapi yalikadiriwa. Mtiririko wa chungwa unaweza kupotoka kwa asilimia 20 hata ukifanywa vizuri, kwa hiyo andika "tani 1,500 hadi 2,200" na usiandike 1,825.4.

Ambatanisha picha za kingo zenye alama ya mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na afisa wa bonde akiona picha ya bustani iliyogusa maji pembeni ya namba ya tani, ana pa kuanzia. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, na daftari la mtoni, lenye matope yake, litunzwe pamoja nayo kwa atakayepima msimu ujao.